Ilimu ya Kompyuta na Amana za Watu

 

Ndugu zetu Waislamu, wazee kadhaa wa kadhaa wameniuliza baada ya darasa zetu za Alkhamisi: Jee, yafaa kumpeleka mwana, na khasa mwana wa kike, chuoni akasome ilimu hii ya kompyuta, au huko ni kumtupa? Suali hili nimelijibu mara nyingi kwa mdomo, na nakiri kuwa majibu yangu yalikuwa ya mtu anayepima nguo kwa macho. Nilikuwa nikisema, "Ilimu ni njema, lakini zamani hizi ni za fitina," kisha nikaondoka, na muulizaji akabaki pale pale alipokuwa. Leo nataka kulijibu kama inavyostahiki. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwani ni kosa hilo lililonifungua macho.

Mwaka uliopita, katika mwezi wa Mfunguo Pili, nilifungua simu yangu nikakuta khabari pamoja na picha. Picha ilikuwa ya mizoga ya punda iliyochunwa, imelazwa juu ya sakafu yenye damu. Khabari ikasema kuwa nyama hiyo yauzwa na bwana mmoja mwenye duka katika mtaa wetu, na akatajwa kwa jina lake na jina la babake. Aliyeniletea ni mtu mwema katika jamaa wa msikiti. Nikaghadhibika kwa ajili ya dini, au ndivyo nilivyojidhania. Nikawasomea watu baada ya sala ya Isha, kisha nikaipeleka katika kundi la darasa letu lenye watu mia mbili na ziada, nikaongeza maneno yangu mawili: "Tahadharini, ndugu." Sikumuuliza aliyeniletea kaipata wapi. Sikwenda dukani, na duka lile li karibu na msikiti kuliko nyumba yangu.

Siku ya pili yule bwana hakuuza hata ratili moja. Siku ya kumi akafunga mlango.

Mwezi huo huo nikapata khabari ya kufiwa na mamake rafiki yangu mmoja akaaye Ikonge, katika kaunti ya Nyamira. Nikaona ni wajibu kwenda kumpa mkono wa taazia. (Sikwenda kula khitma, wasomaji wetu wa siku nyingi waijua rai yetu katika jambo hilo.) Nikapanda gari la moshi la reli mpya mpaka Nairobi, na kutoka Nairobi basi likatupitisha Narok na Bomet mpaka Kisii, nikalala huko, na asubuhi yake nikapanda matatu. Ikonge ni kituo kidogo cha biashara katika nchi ya vilima, nchi ya chai na ndizi, ambako mvua haiwanyimi watu. Waislamu huko ni wachache. Rafiki yangu ni mtu wa asili yetu: babu yake alitoka Lamu akifuata biashara, akaoa huko, akazikwa huko, na wajukuu wake wasema Ekegusii kama walichonyonya kwa mama zao, na Kiswahili chao bado kina harufu ya bahari.

Usiku, baada ya chakula, mwenyeji wangu akanitolea simu yake. "Sheikh," akaniambia, "ile khabari ya nyama ya punda ya Mombasa imetufikia hata huku. Na wewe ndiye uliyeithibitisha." Nikaitazama. Picha ni ile ile, na jina la yule bwana ni lile lile, lakini chini yake mtu nisiyemjua ameandika: "Imethibitishwa na Sheikh," na jina langu kamili. Mimi nilisafiri siku mbili kufika Ikonge. Khabari ilinitangulia kwa kupepesa jicho, na njiani ikapata ijaza.

Binti yake mwenyeji wangu, umri wake miaka 20, alikuwa akiondoa sahani. Akamwambia babake, "Nipe niitazame." Akaitoa ile picha, akaiingiza katika intaneti mahali panapotafuta picha zinazofanana, na kwa muda wa mtu kunywa finjani ya kahawa akatuonyesha: picha ile ile, haikupungua tone la damu, ilikwisha kuchapishwa miaka kadhaa nyuma katika gazeti la nchi nyingine kabisa, katika khabari isiyotuhusu ndewe wala sikio. Kisha akanielekea kwa adabu, macho yake chini. "Ami," akasema, "kwani nyama yenyewe uliiona?"

Sikuwa na jawabu. Nimesoma miaka mingi mbele ya mashekhe, na nimesomesha Bulughul Maram zaidi ya mara moja, na sikuwa na jawabu ya kumpa mtoto anayeondoa sahani.

Ndugu zangu, sisi twajifakhiri mbele ya mataifa kwamba hapana umma uliochunga maneno ya Mtume wake kama umma huu. Twawafundisha vijana kuwa hadithi haikubaliwi mpaka ijulikane nani aliyeisema, na aliyeipokea kaipokea kwa nani, na kila mmoja katika mlolongo ule alikuwa mkweli au mwongo, mwenye kuhifadhi au msahaulifu. Vimetungwa vitabu vya majina ya wapokezi, mijalada kwa mijalada. Imam Bukhari, aliyekufa mwaka 256 wa Hijra, aliizunguka nchi baada ya nchi kwa kazi hii, wala hakukuwa na gari la moshi. Kisha mwanachuoni yule yule, atakayeitupa hadithi kwa kuwa mpokezi mmoja hajulikani, hukaa kitandani baada ya Isha, akapokea khabari isiyo na msemaji wala mpokezi, ndani yake mna heshima ya Muislamu na riziki ya watoto wake, akaigusa kwa kidole, ikenda kwa watu mia mbili! Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Hujurat, aya ya 6, kuhakikisha khabari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga tukawa wenye kujuta. Aya hiyo naihifadhi tangu utoto. Nilikuwa nadhani yawahusu wengine.

Asubuhi yake nikamwomba yule binti anieleze asomayo. Asoma teknolojia ya habari katika chuo kimojawapo cha mji wa Kisii. Mji huo leo una chuo kikuu kilichopewa hati yake mwaka 2013, na chuo cha ufundi kilichokuwa kikijulikana kama Gusii Institute of Technology kimepandishwa daraja kuwa polytechnic ya taifa mwaka 2016. Na vijana wa vilima vile wavijaza. Babake alipa karo kwa pato la duka. Akanitajia masomo yake: jinsi kompyuta zinavyounganishwa, jinsi ya kuziandikia amri, jinsi ya kuziweka na kuzitafuta khabari nyingi kwa mpango. Mengine sikuyafahamu, naye alikuwa na subira nami. Kisha akasema, "Na kuna somo moja, Ami, la jinsi mambo haya yanavyowageuza watu. Hilo wenzangu hulitoroka. Wasema halina kazi mbele yake."

Nikamwomba daftari ya somo hilo. Nikakaa nayo barazani asubuhi nzima, na mvua yanyesha.

Katika daftari ile mlikuwa na maswali yanayoulizwa kabla ya kutengeneza programu yo yote: Nani atakayefaidika nayo? Nani atakayedhurika, na jee, yupo hapa akaulizwa? Khabari za watu zitakazokusanywa zitawekwa wapi, na nani mwenye ufunguo? Aliyetoa khabari zake alijua alitoalo, au alitia sahihi asilolisoma? Mlikuwa na kisa cha Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyefungua kesi Nairobi mwezi wa Mei mwaka 2022, akilalamika juu ya kazi ya kuchuja picha na maneno maovu ya Facebook kutwa kucha, watu wakichinjwa na kuteswa mbele ya macho yake, ili wengine wasiyaone. Na mlikuwa na kisa cha Worldcoin. Nacho nitakieleza zaidi, kwani najua wako katika mji wetu waliotamani kuwa Nairobi siku zile.

Mwaka 2023 watu walipanga safu Nairobi, maelfu, vijana kwa wazee, mmoja mmoja akatazama ndani ya chombo cha mviringo mfano wa mpira, kikapiga picha mboni ya jicho lake. Ijara yake ilikuwa sarafu za kompyuta zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Serikali ikaisimamisha kazi hiyo mwanzo wa Agosti mwaka ule ule, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru alama hizo za miili ya watu zifutwe. Hapana shaka wengi walikwenda kwa dhiki. Mwenye njaa haulizwi mengi. Lakini fikiri, ndugu yangu: neno la siri la simu likiibiwa utalibadilisha jioni. Jicho utalibadilisha kwa lipi? Kenya ina Sharia ya Kulinda Data tangu mwaka 2019, na ndani yake mna haki ya mtu kujua khabari zake zachukuliwa kwa nini, na haki ya kukataa. Sharia hiyo yakaa katika vitabu kama dawa katika kabati lililofungwa, ikiwa hapana aliyesoma wa kuwaambia jirani zake kuwa ipo.

Nilipokuwa nikisoma nikaona kuwa mengi ya somo lile si mageni kwetu. Dini yetu yamkataza mtu kuingia nyumba ya mwenziwe kabla ya kupiga hodi na kutoa salamu. Imo katika Suratun Nur, aya ya 27. Programu inayoingia katika simu yako ikasoma majina ya jamaa zako wote, na ulipo usiku na mchana, nayo haikupiga hodi ila kwa karatasi ya kurasa thelathini isiyosomwa na mtu, hiyo imeingia kwa mlango au kwa dirisha? Dini yetu imekataza kupeleleza aibu za watu, Hujurat aya ya 12. Imeamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, Suratun Nisaa, aya ya 58. Na khabari ya mtu ni amana kama fedha yake, na pengine zaidi, kwani fedha hulipwa. Mwalimu aliyempa binti yule maswali yale si Muislamu, nami simdai kuwa Muislamu. Nasema kuwa sisi tulio na asili ya maswali haya ndio tungelikuwa wa kwanza kuyauliza, na twayakuta katika daftari ya mtoto huko Ikonge.

Hapa ndipo nifikapo kwenye suali la wazee. Wako wasemao: kompyuta ni mambo ya dunia, na mwana wetu yatosha asome dini. Imam Ghazali ameeleza katika Ihya kwamba utabibu na hisabu ni katika faradhi za kutosheleza: mji ukikosa mwenye kuzijua, wote wana dhambi. Kisha akawalaumu watu wa zama zake, kwa kuwa kila mtu alikimbilia ilimu ya fatwa na mabishano, na miji mizima ikawa haina tabibu Muislamu. Ghazali alikufa mwaka 505 wa Hijra. Mtu akiyasoma hayo leo, kisha akatazama mji wetu, adhani kuwa shekhe alipita hapa jana.

Na kazi hii ya kompyuta haina ugeni kwa Waislamu kama adhaniwavyo. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alikuwa Baghdad katika enzi ya Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 mpaka 833 wa miladi. Kitabu chake ndicho kilichowapa Wazungu jina la aljebra, na jina lake mwenyewe walilitamka kwa ulimi wao hata likawa algorithimu, yaani ule mpango wa hatua kwa hatua unaofuatwa na kila kompyuta ulimwenguni. Binti wa Ikonge alilijua jina hilo, alisomeshwa chuoni. Kijana wangu mmoja wa darasa, nilipomuuliza, alidhani ni jina la dawa.

Lakini kujifakhiri kwa marehemu hakulipi karo. Tulikwisha kukawia mara moja, na malipo yake twayajua. Upigaji chapa ulienea Ulaya tangu kati ya karne ya 15. Katika dola ya Kituruki, Ibrahim Müteferrika hakupata ruhusa ya kupiga chapa vitabu vya Waislamu ila mwaka 1727, tena kwa sharti kwamba visiwe vya dini, na kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1729. Zaidi ya miaka 250 ya kukaa na kalamu ya mkono na wengine wana mashine! Sababu zake ni nyingi, na si haki kuwatwika wanavyuoni peke yao. Wapo waliochelea riziki ya wanakili, na wapo waliochelea makosa katika vitabu. Katika pwani zetu Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 mpaka 1888, ndiye aliyeleta mtambo wa chapa. Na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, alipoona watu wake wamelala alianza kutoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, hapa Mombasa. Hakungoja aulizwe kama karatasi ni halali. Aliona chombo kiko mikononi mwa wengine, akakitwaa, akakitia maneno ya haki.

Wazee wetu waliofuata hawakulala pia. Mwaka 1948 ilianzishwa Mombasa Institute of Muslim Education, ambayo watu waliiita MIOME, ili wana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki wapate ilimu ya ufundi. Fedha zake zilitoka kwa Sultani wa Unguja, Sayyid Khalifa bin Harub, na kwa Aga Khan, na kwa Mabohora, na kwa serikali ya Kiingereza. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Mwaka 1966 ikawa Mombasa Technical Institute, ikafunguliwa kwa watu wote, na hilo ni jema. Mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic. Na tangu mwaka 2013 ni Technical University of Mombasa. Iko pale pale Tudor. Mtu hutoka Mji wa Kale akafika kwa miguu asichoke. Jee, wangapi katika mtaa wako wameingia lango lile kwa ajili ya kusoma, si kwa ajili ya kupeleka samosa?

Na lipo jambo jingine lililonichoma zaidi. Nilimuuliza yule binti, "Haya maneno na picha hufikaje hapa juu ya vilima?" Akacheka kidogo. "Huja kutoka kwenu, Ami. Waya huingia nchi hii kwa Mombasa." Akanieleza, nami nikaja nikahakikisha (maana sasa nimekuwa mtu wa kuhakikisha), kwamba mwaka 2009 ulivutwa waya chini ya bahari kutoka Fujairah mpaka Mombasa, nao ndio TEAMS, mwaka ule ule ukaja wa SEACOM, na mwaka 2010 ukaja wa EASSy. Nyaya hizo ni nyembamba, ndani yake mna nyuzi za kioo, na mwanga hupita humo ukibeba maneno ya watu. Zaja kwa bahari ile ile iliyokuwa ikileta majahazi kwa upepo wa kaskazi. Zatua ufukoni mwetu, zapita chini ya miguu yetu, zapanda Nairobi, zafika Kisii na Ikonge, na huko watu wauza chai yao wamsomeshe binti jinsi ziendavyo. Na vijana wetu? Wamekaa barazani juu ya waya wenyewe, watazama mpira wa Uingereza na kuweka kamari kwa simu.

Nimetaja kamari, na sitaipita hivi hivi. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilikuwa neema: mtu hupeleka fedha kwa mamake Lamu bila ya kumwamini dereva. Lakini mlango ule ule ndio kamari iliyoingilia. Zamani mwenye kutaka kucheza ilimpasa aende mahali, aonekane, aone haya. Leo kamari yakaa mfukoni, yamwamsha usiku kwa kengele, na fedha yatoka bila ya mkono kuiona ikitoka. Hukumu yake mwaijua, imo katika Suratul Maida, aya ya 90, sina haja ya kuirefusha. Ninalotaka mlione ni jinsi ile programu ilivyotengenezwa. Yuko mtu aliyekaa akafikiri: kengele hii ilie saa ngapi, na mtu aliyeshindwa apewe zawadi gani ndogo ili arudi. Huyo ni mwanachuo aliyesoma masomo yote, akalitoroka lile moja. Ndiyo sababu nasema kumpeleka mwana chuoni akatoka fundi mtupu si kumsomesha. Fundi wa kufuli asiyejua uharamu wa wizi ni mwivi anayengoja usiku.

Wala tusidhani kuwa lawama ni ya makampuni ya mbali tu. Katika Ramadhani moja ya karibuni, jumuia moja ya mji wetu, watu wa kheri wasio na shaka katika nia yao, waligawa unga na mafuta kwa wajane. Kila mjane alipigwa picha na mfuko wake mkononi. Kisha orodha nzima, majina na nambari za vitambulisho na nambari za simu, ikapelekwa katika kundi la watu wengi ili wafadhili waone kuwa fedha haikuliwa. Kwa wiki mbili wajane wale wakawa wapigiwa simu na matapeli wanaowaambia, "Umeshinda zawadi, tutajie nambari yako ya siri." Mmoja wao alipoteza akiba yake ya Idd. Nilipomsimulia binti wa Ikonge, akauliza, "Kwani orodha haikuweza kukaa kwa mtu mmoja mwaminifu, na wafadhili wakapewa hisabu tu?" Katika Suratul Baqara, aya ya 264, tumekatazwa kuzibatilisha sadaka kwa masimbulizi na maudhi. Twamwaibisha mjane mbele ya watu mia tano, kisha twaomba thawabu!

Basi jawabu yangu kwa wazee ni hii, na siisemi tena kwa mdomo mwepesi. Yafaa kumpeleka mwana, wa kiume na wa kike. Apelekwe akiwa na sala yake na adabu yake, mahali pa kukaa pajulikane, na mzazi aende akaone kwa macho yake. Wako mabanati wetu wasiotoka nyumbani, na simu iko chini ya mto wao mpaka alfajiri, wazungumza na watu wasiojulikana wako nchi gani; na baba alala kwa raha kwa kuwa mlango umefungwa kwa komeo. Huyo hakumlinda binti yake. Amemnyima ilimu ya mahali ambapo tayari yupo. Binti wa Ikonge yumo katika mtandao ule ule, lakini aujua mlango uliko, na aujua mwivi ajiapo. Na mwana akirudi likizo aulizwe, kama aulizwavyo juu ya Qur'ani: lile somo la watu umelisoma, au umelitoroka? Mzazi asiyeelewa jawabu asione haya. Na akae na daftari barazani kama nilivyokaa.

Imebaki khabari ya yule bwana wa nyama, kwani si haki nianze naye kisha nimwache mlango wake umefungwa.

Niliporudi Mombasa nilikwenda kwake kabla ya kwenda kwangu, na mkoba begani. Hakunitukana. Alinikaribisha ndani akanitilia maji, na hilo lilinilemea kuliko matusi. Usiku ule nikasimama baada ya Isha mahali pale pale niliposomea ile khabari, nikasema kuwa nilisema uwongo, na kuwa picha si ya hapa, na kuwa bwana huyu sikumwona na kosa. Nikaandika maneno hayo hayo katika kundi. Baada ya mwezi nikampigia simu rafiki yangu wa Ikonge nikamuuliza kama amepata khabari ya pili. Akasema la, hakuna aliyemletea. Ile ya kwanza ilipanda milima yenyewe. Hii ilinibidi nimpelekee mimi.

Khasara ya siku alizofunga tulikaa tukaihisabu pamoja, na mimi nailipa kwa mafungu, limebaki moja. Duka liko wazi, ingawa wako wanaopita bado wakageuza uso. Na kumbe yeye naye alikuwa na suali. Ana binti aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliopita, ataka kusoma kompyuta, na mamake aogopa. Akaniuliza kwa unyonge, kama kwamba mimi ndiye niliyemkopesha: "Jee, Sheikh, yafaa?" Jumatatu iliyopita tulikwenda Tudor sote watatu, yeye na binti yake na mimi, kuuliza karo ni kiasi gani na masomo yaanza lini. Binti ndiye aliyezungumza na karani. Sisi wawili tulikaa juu ya benchi, nje, chini ya mwarubaini.